Mpwa Wangu Mmemhamishia Kulia

Ballygarrane, Tipperary
14 Mei

Kwa Mkuu wa Chuo cha Vijana wa Raga

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na shingo yako ikiwa salama kuliko ya mpwa wangu, Fiachra Looby, ambaye tulikukabidhi Agosti akiwa na miaka kumi na tisa na kilo mia moja kumi na nane. Najua una vyeti vingi. Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo nitakwenda taratibu ili unifuate.

1. Fiachra ni propu wa kushoto, yaani msukumaji wa mstari wa mbele, jezi nambari moja. Nilimtengeneza mwenyewe. Trekta letu haliwaki bila kusukumwa, na nyuma upande wa kushoto linaning'inia bomba la moshi lenye moto. Basi tangu ana miaka kumi na miwili anasukuma kwa bega la kulia, la kushoto linapunga hewa. Siku moja alilipandisha kilimani padre akiwa amekaa juu, na padre alishuka amesamehe dhambi za parokia nzima bila kuulizwa. Wewe, kwa hekima ya kompyuta yako, umempa jezi nambari tatu, upande wa kulia, ambako kichwa kinabanwa kati ya watu wawili na mabega yote yanafanya kazi. Jumamosi skramu, lile fungu la kusukumana, ikaanguka mara nne. Mzee mmoja nyuma yangu jukwaani akauliza, "Huyo dogo anatafuta nini huko chini, funguo?" Nikamjibu, "Anamtafuta aliyemweka hapo."

2. Chakula. Jumapili dada yangu Attracta, mama yake, alipakua nyama ya nguruwe na kabichi. Kijana akauliza, "Mama, mizani iko wapi?" Akapima viazi, eti ndivyo binti wenu wa mizani anavyowafunza, na huko chuoni mpishi huwapa kuku wasio na ngozi. Nyumba hii mizani ni ya ndama.

3. Baada ya hapo nilimkuta chali sebuleni, anapumua tu. "We Fiachra, umeumia?" "Hapana, mjomba, nafungua nyonga." Ndugu Mkuu, ukoo wetu umesukuma skramu miaka sitini kwa nyonga zilizofungwa. Mimi mwenyewe nilikuwa uwanjani fainali ya kombe mwaka 1991, mvua ikinyesha hata refa akapotea, tukampata Jumatatu. Hakuna aliyenifungua kitu.

4. Hili ndilo kubwa. Trekta halijawaka tangu Agosti, na wiki ijayo nakata nyasi za kuvundika, chakula cha ng'ombe cha majira ya baridi. Ninyi mna kijana anayesukuma hewa, mimi nina trekta lililosimama.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: mrudishe kushoto, au mrudishe nyumbani kabla ya Jumatatu. Chagua mwenyewe. Yeye hukumpa nafasi hiyo.

Nisalimie makocha wote, yule binti wa mizani, mpishi wa kuku wasio na ngozi, na anayefua jezi nambari tatu, maana ana kazi.

Wako, mwenye subira inayokaribia mwisho,
Malachy Quirke, mjomba wake

Nyongeza: Bahasha ilikuwa tayari. Attracta ameingia, amesoma yote akiwa amesimama, koti mwilini. Fiachra amempigia simu. Kumbe Ijumaa mnakaa kuamua nani anabaki na nani anafungasha. Kumbe kuhamia kulia aliomba mwenyewe, kwa sababu kushoto mna watatu wanaomzidi. Attracta kaniambia, "Malachy, mtoto anahangaika abaki, na wewe unamwandikia ruhusa ya kuondoka."

Basi ya juu yafute. Trekta lina betri mpya tangu Krismasi, linawaka kwa kidole. Nimekosa tu wa kupiga naye soga. Na ile fainali, uwanjani nilikuwa kweli, wakati wa mapumziko, na sinia la machungwa ya wachezaji.

Mwacheni kulia. Mkimbakiza, Jumamosi nitakuja kukata machungwa mwenyewe. Hiyo kazi naijua.