Upande Mzima wa Jemadari

Jumatatu, 4 Mei

Siku ya kwanza ya kulea mbwa wa wifi. Imekwenda vizuri sana, ukiondoa mguu.

Nianze mwanzo. Jana wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, amesafiri kwenda semina ya walimu wakuu. Wiki tatu. Ameniachia Jemadari, mtoto wa mbwa, wa kahawia, mkubwa kama kandambili. Ameniachia pia karatasi mbili za maelekezo, mbele na nyuma, kwa wino mwekundu. Kifungu cha tisa: asiachwe karibu na vitu vizito. Nikacheka. Mimi ni msusi, saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba. Saluni ina kitu gani kizito?

Leo asubuhi nikaamua kutundika cheti changu ukutani. Msusi Bora wa Mwaka. Nimejitunuku mwenyewe, baada ya kuwafikiria wasusi wote wa mtaa huu na kuona hawafai. Ngazi sina. Nikapanda juu ya kiti cha wateja, kile kinachozunguka. Kikazunguka. Mimi nikaangukia upande huu, kiti upande ule. Jemadari alikuwa upande ule.

Mlio ule! Sitaki kuuandika.

Daktari wa mifugo ni mzee wa maneno machache. Ameupapasa mguu wa nyuma wa kulia, akasema umevunjika. Ameufunga plasta ngumu, nyeupe pee, kuanzia pajani mpaka karibu na vidole. Wiki nne. Wifi anarudi baada ya tatu. Hesabu haikubali.

Daktari akauliza ameumiaje. Nikasema mbwa karuka mwenyewe kutoka kitini. Akanitazama juu mpaka chini, mimi na uvimbe wangu wa kiwiko, akaandika neno moja kwenye kadi. Sikuweza kulisoma. Nadhani ni pongezi.

Mume wangu anasema nimpigie dada yake simu nimweleze ukweli. Anasema tangu afiwe na mumewe, huyo mbwa ndiye mtu wake pekee ndani ya nyumba, ana haki ya kujua. Nimemjibu kwamba hiyo hasa ndiyo sababu ya kutomwambia. Mwanamume hawezi kuelewa mambo haya. Amerudi kwenye gazeti lake.

Jumanne, 5 Mei

Wifi kapiga simu saa moja asubuhi. Kauliza Jemadari anaendeleaje. Nikasema ametulia sana. Kweli tupu! Hajawahi kutulia hivi maishani.

Akataka picha. Nikamlaza Jemadari kwa ubavu wa kulia, plasta chini, upande mzima juu, nikapiga. Mbwa mwenye afya bora kabisa. Nikatuma tatu. Wifi akajibu kwamba anaonekana kama anafikiria jambo. Nikajibu kwamba tunamlea kiakili pia.

Mume wangu kauliza nitampiga picha upande mmoja kwa wiki tatu? Nimemwambia wapo watu maarufu wanaopigwa picha upande mmoja maisha yao yote.

Ijumaa, 8 Mei

Nimechoka hoi. Hakuna aliyeniambia kwamba mbwa mwenye plasta habebeki kama mkoba. Kila baada ya muda mfupi namtoa nje ajisaidie. Plasta isilowe, kwa hiyo naifunika kwa mfuko wa nailoni. Kinachotoka mlangoni ni mwanamke aliyebeba mfuko wenye masikio. Majirani wamekusanyika. Nawasalimia kwa heshima, nageuka.

Analala kwenye kapu la taulo. Taulo zangu bora! Nikimweka sakafuni analia. Nikimrudisha kapuni analia kwa sababu simtazami. Nikimtazama anatikisa mkia, mkia unagonga plasta, anaumia, analia.

Leo katumbukiza mguu kwenye beseni la kuoshea nywele. Mungu wangu! Nikachukua draya, hewa baridi, nikaanza kumkausha. Mteja wangu, mama wa nyumba ya kona, alikuwa na povu kichwani. Akasema amekaa pale tangu asubuhi. Nikamwomba avumilie, kuna mgonjwa. Akaondoka na povu lake. Wateja wa siku hizi hawana huruma.

Jemadari kafurahia draya. Kafumba macho, kichwa kwenye mkono wangu. Nikaendelea kidogo hata baada ya plasta kukauka. Si mapenzi. Ni uangalifu wa kitaalamu.

Jumatatu, 11 Mei

Balaa. Wifi anataka video ya Jemadari akikimbia. Anasema amewaonyesha walimu wenzake picha zangu, na mmoja amemuuliza kama mbwa yule ni wa kuchonga.

Nimekaa nikawaza dakika kumi. Jibu hilo hapo! Fundi Saa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ana mtoto wa mbwa wa umri ule ule. Miguu yote minne inafanya kazi. Tatizo ni dogo: wa kwake ni mweupe. Lakini mimi ni nani? Mimi ni mtu wa rangi!

Nimemwendea Fundi Saa, nikajitolea kumwogeshea mbwa wake kwa wema tu wa ujirani. Akashangaa. Akasema miaka sita tumeishi jirani sijawahi kumpa hata chumvi. Nikasema watu hubadilika. Atamleta kesho asubuhi.

Jumanne, 12 Mei

Nimechanganya kahawia ya asali na kahawia ya kawaida. Rangi iliyotengenezwa kwa mimea, haina madhara. Kwa binadamu inatoa kahawia safi.

Kwa mbwa inatoa zambarau.

Si zambarau ya kubahatisha, ni zambarau iliyoiva kama biringani. Nimemwosha mara tatu, kila mara anang'aa zaidi. Mwenyewe hakujali, alikimbia chumba kizima kwa furaha. Video nzuri sana ingekuwa, kama si hiyo zambarau.

Fundi Saa akaja kumchukua. Akasimama mlangoni. Akavua kile kioo chake cha jichoni cha kutazamia saa, akakifuta, akakivaa tena. Akaniuliza kwa upole mno kama mimi ni mzima. Nikasema ni sabuni mpya, itatoka. Akasema jirani, chumvi ungenipa ingetosha.

Alasiri nzima amempitisha mbwa wake mtaani na kila anayeuliza anaelekezwa kwangu. Anadhani ananiaibisha. Mama mmoja kaja kuuliza kama naweza kumpaka rangi ile ile.

Wifi nimemwambia simu yangu haichukui video. Kasema vizuri, basi Ijumaa tuonane uso kwa uso simuni, yeye atamtazama moja kwa moja. Huyu mwanamke!

Ijumaa, 15 Mei

Ushindi! Nimechukua soksi ya kahawia ya mume wangu, nikaivisha juu ya plasta, nikaibana juu kwa mpira wa kufungia nywele. Kwa mbali, mguu mtupu. Nikamshika Jemadari mapajani, nikakaa mbali na simu. Wifi akamwita kwa majina yote ya kipuuzi. Jemadari akalia kwa furaha, akalamba hewa kuelekea simu. Wifi akapangusa macho. Akasema tu kwamba mguu mmoja anauona umenenepa. Nikasema anakula vizuri.

Mume wangu kauliza soksi yake iko wapi. Nimemwambia iko kazini.

Jumamosi, 16 Mei



Asubuhi Jemadari hakula. Hakutikisa mkia. Nilipomgusa alinifinya kidole kwa meno, yeye ambaye hajawahi. Nikadhani ni hasira za ujana. Mume wangu ndiye aliyeinama na kuuliza kwa nini bado amevaa soksi. Niliisahau! Tangu jana! Tukaivua. Mpira ulikuwa umeteleza mpaka plasta inapoishia, umevibana vidole. Vidole vilikuwa vimevimba, vya baridi, na rangi yake sitaiandika.

Nilikimbia na kandambili moja. Njia nzima nazungumza naye. Nimemwahidi mambo mengi, mengine hayawezekani.

Daktari akaikata plasta yote. Akasugua vidole taratibu, muda mrefu. Kisha akasema ningekuja jioni, angeukata mguu badala ya plasta. Nikakaa chini sakafuni. Sijui nilikaa muda gani. Damu ikarudi, vidole vikapata joto, kimoja kimoja. Jemadari akafungua jicho, akanitafuta, akanilamba kidole kile kile alichokifinya.

Daktari amefunga plasta mpya. Amenikataza soksi, kamba, mpira, na, kwa maneno yake, akili zangu kwa ujumla.

Basi. Imetosha. Kesho nampigia wifi namweleza kila kitu, neno kwa neno.

Jumapili, 17 Mei

Nimempigia. Nimemweleza hali ya hewa ya huku.

Jumamosi, 23 Mei

Wifi amerudi leo! Alitakiwa kesho! Mtu anayefika siku moja kabla si mgeni, ni askari.

Nilikuwa nachana nywele za mteja. Jemadari alikuwa katikati ya sakafu, na plasta yake yote, mchana kweupe. Nikasikia hodi. Nikatupa taulo juu yake. Taulo likainuka, likaenda mlangoni likichechemea, mkia nje. Wifi akaliinamia, akalifunua.

Nikafungua kinywa. Nilikuwa na maelezo matatu tayari. Akainua mkono mmoja, kama anavyowanyamazisha watoto mia nne uwanjani.

"Wifi," akasema, "daktari alinipigia Jumatatu ile ile, kabla ya chakula cha mchana. Namba yangu iko kwenye kadi ya mbwa."

Mteja wangu akageuza kiti ili aone vizuri.

Nikauliza, sasa ile video ya kukimbia alikuwa anaitakia nini?

"Nilitaka kuona utafika wapi. Jioni za semina ni ndefu mno. Na mbwa wa zambarau nimemwona. Fundi Saa kanitumia picha."

Nilitamani sakafu inimeze. Haikuwa na nafasi, mume wangu alikuwa amelala juu yake kwa kucheka.

Kisha wifi akakaa. Akasema siku moja tu ndiyo aliogopa, ile Jumamosi ya vidole. Alikuwa amekwisha kufunga sanduku arudi. Daktari akamwambia asije, mguu umenusurika, ila ana msusi analia sakafuni na amelazimika kumpa maji ya bakuli la mbwa. Nilikuwa sijui kwamba lilikuwa la mbwa.

"Ungeniambia siku ya kwanza," akasema, "ningekasirika siku moja. Wewe umejitesa wiki tatu."

Hapo nikalia. Naye akalia, ingawa atakataa. Jemadari akamlamba wifi uso mzima, akashuka, akachechemea mpaka kwangu, akalala juu ya mguu wangu. Wifi akaliona hilo.  Akasema nyumba yake ina ngazi, ni afadhali mbwa abaki kwangu mpaka plasta itoke. Akanitaka ahadi moja: uongo basi. Nikaapa kwa machozi. Nilimaanisha kila neno. Mimi ni mtu mpya.

Jumatano, 3 Juni

Plasta imetoka leo. Mguu wa kulia ni mwembamba, manyoya yamesimama kama kichwa cha mtu aliyeamka sasa hivi, lakini umenyooka. Daktari amemweka chini. Jemadari amekaa, akafikiri, akasimama kwa miguu minne. Kisha akakimbia! Kaizunguka meza, kapita chini ya daktari, kavuta kamba ya pazia. Daktari ametikisa kichwa kwa kucheka, jambo ambalo nadhani hutokea mara moja kwa mwaka. Kasema amepona kabisa, arudi kwa mwenyewe hata leo.

Hata leo! Haraka ya nini?

Tumerudi nyumbani. Kaenda moja kwa moja kwenye kapu la taulo. Nimelitazama kapu lile nikaliona bila mtu ndani. Nikakaa kidogo.

Saa kumi wifi akapiga. Akauliza vipi, aje kumchukua? Nami nimeapa. Nimeapa uongo basi. Kwa hiyo nilijibu polepole, kwa uangalifu mkubwa, kwamba daktari ameutazama mguu na kutikisa kichwa. Amekitikisa kweli, sikusema kwa sababu gani. Nikaongeza kwamba bado anachechemea vibaya, maskini, na anahitaji mwezi mmoja hivi wa uangalizi wa karibu. Miwili, labda.

 Wifi akasema pole sana, basi Ijumaa atakuja amwone mwenyewe, tena atakuja na daktari.

Sina wasiwasi. Nina siku mbili nzima. Nimekwisha kuanza mafunzo: akichechemea, anapata kipande cha nyama. Mume wangu anasema sina akili. Hajui kitu! Mbwa ana kipaji, dakika ishirini tu na tayari anachechemea kama mzee wa miaka tisini.

Kasoro ni moja, na tutairekebisha kabla ya Ijumaa. Anachechemea mguu wa kushoto.