Safu ya Mwisho Kwenye Orodha ya Wanunuzi

Jumatatu, 1 Machi 2004

Kikao cha asubuhi. Mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima, Mama Debora, alisema zabibu za wanachama zimeiva na mvua bado ipo. Wanunuzi waje Jumamosi kwenye banda letu la Nzuguni, la sivyo mzigo utaozea shambani. Nani atawaalika? Anyitike, ofisa masoko, akajitolea kumpigia simu kila mmoja. Simu! Zama hizi! Nikasimama. Nikasema mimi, Damas, Ofisa Habari wa Chama, nitawafikia wote kwa barua pepe, kila mtu kwa jina lake, kwa kubonyeza mara moja. Kuna tovuti ya kazi hiyo. Unaipa orodha, yenyewe inagawa. Mama Debora akasema haya. Anyitike akatabasamu. Silipendi tabasamu lile.

Mchana, kafe ya intaneti. Tovuti imekataa orodha yangu. Eti haioni safu ya anwani. Ajabu! Jedwali nimelipamba mwenyewe: jina la chama juu kwa herufi nene, chini yake mstari wa kijani. Nilikodoa macho mpaka nikaelewa. Mashine inatafuta majina ya safu kwenye mstari wa kwanza, na mstari wangu wa kwanza ni pambo. Nimelifuta. Imeniuma.

Jumanne, 2 Machi

Sasa inaona safu, inakataa watu. Wengine nimewaandikia anwani mbili kwenye kisanduku kimoja, katikati nimeweka "au". Wengine wana nafasi tupu mwishoni, jicho haliioni lakini mashine inaiona. Padri mmoja ana mkato badala ya nukta. Sifuri za mwanzo za namba za simu zimemezwa zote. Nikasafisha. Umeme ukakatika. Nikaanza upya.

Loisi, katibu muhtasi wetu, alipita pale kwa shughuli zake, akachungulia. Akashauri nijitumie mimi mwenyewe kwanza, nione barua inafikaje. Nikamwambia majaribio ni ya mtu mwenye mashaka. Akasema sawa kaka Damas, akaondoka. Ana namna ya kusema "sawa" inayomkera mtu hadi nyumbani.

Jumatano, 3 Machi

Imekubali! Wote wameingia! Tovuti ikauliza safu ipi ni jina, ipi anwani, ipi ni maneno ya pekee kwa kila mtu, ya kuwekwa chini ya salamu. Nikachagua safu ya mwisho, ya wilaya anakotoka mnunuzi. Mtu hupenda kutajiwa kwao. Nikabonyeza. Zikaenda. Nikanywa soda baridi, nikampungia Anyitike mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Hakupunga.

Alhamisi, 4 Machi

Safu ya mwisho si ya wilaya.

Wilaya ni ya pili kutoka mwisho. Ya mwisho ni ile ninayoandikia maoni yangu juu ya wanunuzi, kwa matumizi yangu binafsi. Bwana Hasani, mnunuzi wa hoteli, amesoma: "Mpendwa Hasani. Anapenda sifa, aketishwe mbele." Sista Anjelina, anayenunulia watawa zabibu za divai: "Mkali. Usimchezee kwenye mizani." Bwana Mazengo, mfanyabiashara mkubwa kuliko wote: "Huja na lori kubwa, huondoka na kreti mbili. Maneno mengi."

Mazengo alipiga simu ofisini. Mama Debora alisikiliza, akaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, akaweka simu chini taratibu. Hakunifokea. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 5 Machi

Nimekwenda Chamwino, kikazi. Ukweli, nilimkimbia Mama Debora. Nikapita shambani kwa Mzee Zablon. Mvua ya juzi imepasua zabibu zake, nyuki wamejaa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku akikata vichala vilivyooza, anaviweka chini polepole kama vitaumia. Akaniuliza kama wanunuzi wanakuja.

Nikamwambia, "Barua zimefika, mzee."

Akasema, "Basi Mungu mkubwa," akaendelea kukata.

Nilikuwa sijadanganya. Mbona basi sikuweza kumtazama? Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiria zile nafasi tupu za mwishoni, nilivyozisaka moja moja mpaka zikaisha. Maneno yangu mwenyewe sikuyasoma hata mara moja. Mtu mzima, na lori lake na shida zake, nimempa kisanduku kimoja.

Jumamosi, 6 Machi

Nzuguni. Wakulima walifika mapema na kreti zao. Wanunuzi hakuna. Nilijificha nyuma ya mizani. Kisha akaja Sista Anjelina, akaniambia kwamba maneno yangu ni ya kweli na mizani ataiangalia mwenyewe. Akaja Hasani, akakaa kiti cha nyuma kabisa, amenuna, lakini akanunua. Mwisho likaingia lori la Mazengo.

"Ofisa Habari ni nani hapa?"

"Ni mimi. Shikamoo."

"Hilo lori unaliona?"

"Naliona, mzee."

"Linaondoka hapa limejaa. Nenda kaandike na hilo!"

Likajaa. Zabibu za Mzee Zablon zilipakiwa zile nzuri zote. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akashukuru. Nikakohoa.

Jumapili, 7 Machi

Kumbe jana hiyohiyo Mama Debora aliamua orodha ishikwe na Loisi. Kumbe pia Ijumaa, nikiwa Chamwino, Loisi na Anyitike walishinda kwenye simu wakiwaomba radhi wanunuzi, mmoja mmoja. Ndiyo maana walikuja, anasema Anyitike. Anasema.

Nimelitafakari wakati wa mahubiri. Mimi naona hivi: watu wamechoka na mialiko ya kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Waambie ukweli, watakuja na lori.

Baada ya ibada mwalimu wa kwaya aliniomba nimsaidie kualika marafiki wa kwaya kwa ajili ya Pasaka. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Orodha nimeianza jioni hii. Safu ya maoni safari hii nimeiweka ya kwanza, isije ikanichanganya tena.