Mtaalamu wa Upepo Apanda Darini

Valentino alifika Lushoto mwezi wa saba akiwa na begi la chaja za simu zisizochaji, na nia ya kuziuza upesi kabla wanunuzi hawajafika kwao. Alipanga chumba katika nyumba ya kizamani ya mawe, dirisha lake limezibwa kwa tambara. Kwa udadisi tu akalichomoa. Upepo ulioingia hapo ulimfundisha biashara mpya, na chaja zikasahauliwa uvunguni.

Biashara ilikuwa hivi. Mji ule una nyumba nyingi za enzi za Mjerumani: kuta nene, madirisha yaliyopinda, mbao za dari zilizokauka zikaachana. Wenyewe wameziba nyufa kwa magazeti, soksi na masweta yaliyostaafu. Valentino alibisha hodi kama mgeni aliyepotea njia, na watu wa milimani hawamwachi mgeni aondoke bila chai. Mwenye nyumba akienda jikoni, mgeni anachomoa tambara hapa, jingine pale, anatia begini. Baada ya siku mbili anarudi na koti jeupe na kijiti cha udi.

"Nilipokunywa chai yako nilihisi upepo," anasema. "Sikulala kwa kukufikiria."

Moshi wa udi ukiyumba, mtaalamu anatikisa kichwa kwa huzuni. Kisha anaziba nyufa kwa "pamba ya Uswisi", yaani matambara ya nyumba nyingine, yaliyopuliziwa rangi ya fedha.

Marta, anayepangisha vyumba kwa wageni wanaokwenda kutazama mandhari ya Irente, alilipa bila swali, kwa kuwa kichwani alikwisha kupandisha bei ya vyumba vya Kiswisi. Mwalimu Sefania, mstaafu, alilipa baada ya maswali mengi, na ndiyo maana alijiona hawezi kuwa ametapeliwa.

Ijumaa ikawa zamu ya Bi Mwajuma, mjane ambaye chai yake Valentino alikwisha kuinywa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vua viatu, mwanangu, uingie."

Akavua. Vilikuwa viatu vyeusi vyenye ncha, mali pekee aliyoipata kwa njia halali, na aliviacha mlangoni kwa uchungu kidogo.

"Mjukuu wangu amejifungua," alisema Bi Mwajuma. "Mtoto ni mdogo mno, kaja kabla ya siku zake. Leo jioni wanatoka hospitali, wanakuja hapa. Baridi ya nyumba hii ikimwingia kifuani, sijui nitafanyaje."

Valentino aliona aibu, lakini ilimpita upesi. Akawasha udi, moshi ukalala.

"Bibi, hii si nyumba, ni chujio."

"Upepo unatoka darini. Lakini huko sitaki mtu apande. Marehemu mume wangu alinikataza. Alisema Mjerumani aliacha sanduku, na mimi vya watu sivitaki."

Hapa inabidi tumwonee huruma mtaalamu wetu. Kwa ajili ya rupia zinazosemwa Mjerumani alizificha, watu wenye akili zao wamechimba mpaka misingi ya vyoo vyao.

"Kwa ajili ya mtoto," alisema, akiisogelea ngazi iliyoegeshwa ukutani, "nitapanda bure."

"Bure kabisa?"

"Mtoto ni wa wote, bibi."

Akapanda ngazi, akapenya tunduni. Humo akakuta viroba vilivyojaa katani, mbao nyembamba, na kwenye kona ya mbali, sanduku. Alilitambalia huku akinunua nyumba mbili Tanga kimoyomoyo. Akafungua. Ndani mlikuwa na nyundo, misumari na hotipoti. Akafunua hotipoti: bada, ule ugali wa muhogo, na mboga, vingali moto.

Valentino hakusoma sana historia, lakini alijua Mjerumani ameondoka zamani kuliko hivyo.

Akarudi tunduni mbio. Ngazi haipo. Chini akasikia hodi.

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba, Marta. Karibu. Na wewe Mwalimu, karibu."

Zikafuata salamu. Wakaulizana mahindi, ng'ombe, magoti ya Mwalimu, wakapeana heri ya mtoto. Valentino, kalala kifudifudi juu yao, aliomba wafike haraka kwenye kumlaumu. Hawakufika haraka.

"Jana nilikwenda kwa Marta kuazima karai," alisema hatimaye Bi Mwajuma, akiinua uso kuelekea tunduni. "Nikaona dirishani mkono wa sweta la marehemu. Kile kiraka cha kiwiko nilikishona mimi."

"Na soksi zangu ziko kwa Mwalimu," alisema Marta.

"Bibi, rudisha ngazi tuongee."

"Si tunaongea? Katani itandaze juu ya mbao zote za dari, unene wa shubiri. Paa linapokutana na ukuta, pigilia zile nyembamba. Katani usiisogeze karibu na dohani ya moshi, utatuchoma. Mkwe wangu alipandisha vitu hivyo akaitwa kazini, shamba la mkonge la Mnazi. Nilikuwa naomba nipate fundi."

"Mimi si fundi, bibi."

"Hilo tunalijua. Kula kwanza."

Alikula, akafanya kazi. Chini Marta alizunguka na kile kijiti cha udi. "Hapa bado unayumba," anasema, na Mwalimu Sefania anaongeza, "Rudia," kama alivyowahi kuwaambia nusu ya watu wa mji ule. Valentino alijigonga kidole gumba, akarudia.

Jioni mtoto aliletwa. Sauti zote zikashuka. Akalia kidogo, akanyamaza. Bi Mwajuma akashika udi karibu na kitanda, na moshi ukapanda wima mpaka juu bila kuyumba. Macho yakamlowa. Ngazi ikarudishwa.

Valentino alishuka, nywele zimejaa katani, akasimama kuutazama ule moshi. Hakuwahi kumaliza kazi yoyote maishani. Alifurahi, na furaha hiyo ilimuudhi. Akaenda mlangoni.

"Bibi," aliita polepole, "kiatu kimoja hakipo."

Nje, Mwalimu Sefania alikuwa anamsubiri, ngazi begani.

"Kipo darini kwa Mwalimu," alisema Bi Mwajuma, akimfunika mtoto. "Ndani ya sanduku."