Ngege wa Jumapili

Jumatatu, 4 Juni 1951. Kisii.

Ushindi! Bwana Obura, karani mkuu wa mahakama, anastaafu. Jumapili ana karamu. Ni mtu wa ziwani kama mimi, na anasema miaka kumi na tisa huku milimani amekula samaki wa kukaushwa mpaka koo limeota gome. Anataka ngege, samaki wa kwetu ziwani, wabichi, mia na ishirini, macho yaking'aa. Na chumba cha barafu hapa mjini anakilinda nani? Mimi, Jeconia Oyoo. Kule Daraja Mbili wananiita Bwana Barafu. Sijawahi kuwakataza.

Tajiri, mwajiri wetu, akaongeza neno ambalo sikulipenda. Samaki wakiharibika, ufunguo wa chumba cha barafu utakwenda kwa Mogire, mpima mizani wetu. Na mwenye ufunguo ndiye anayekaa ile nyumba ya mabati iliyo nyuma. Mke wangu Syprose ametundika mapazia mapya mle mwezi jana tu. Sikumwambia.

Mogire alikuwa anasikia yote. Alikuwa akifuta mawe ya mizani, polepole.

Jumanne, 5 Juni.

Mogire amejipendekeza kwa Tajiri. Shauri lake: lori liondoke Kisumu Alhamisi alfajiri kama kawaida, samaki wangoje chumbani mpaka Jumapili. Nikacheka mpaka nikashika mlango. Siku tatu! Chumba chetu ni kuta mbili za mbao zilizojazwa unga wa msumeno katikati. Barafu inatoka Kisumu kwa magunia, na kila ukifungua mlango inapungua.

Nikatoa mpango wangu. Barafu ipakiwe Kisumu Ijumaa asubuhi. Tuchukue samaki Kendu Bay mchana, waliovuliwa siku ile ile. Tupande milima jua likiwa limepoa, saa kumi na moja tuko mjini. Sayansi! Tajiri akasema haya, lakini ufunguo unategemea mpango huo. Mogire akauliza dereva ni nani. Nikamwambia hayo hayamhusu. Sikuwa na dereva.

Jumatano, 6 Juni.

Dereva nimempata! Wa kwanza niliyemwendea alikuwa amelewa saa tatu asubuhi. Wa pili anajulikana kwa kula mizigo ya watu njiani. Lakini huyu Okemwa, kutoka Gesima, ni dhahabu. Hanywi pombe, havuti, haibi. Hata chai hanywi. Kanisani ni shemasi.

Alitoa sharti moja: Ijumaa saa kumi na mbili jioni lori liwe limezimwa. Moyoni nikacheka. Kumbe mkewe ni mkali hivyo! Nikamwambia mambo ya nyumbani nayaelewa, hata mimi nina Syprose. Alinitazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Tukapeana mikono.

Syprose aliposikia akaniuliza kama nimekumbuka kwamba Okemwa ni Msabato. Nikamwambia Sabato ni Jumamosi, sisi tunasafiri Ijumaa. Akasema Ijumaa nayo ina jioni yake. Wanawake na mafumbo!

Ijumaa, 8 Juni. Kendu Bay.

Naandika juu ya sanduku la barafu. Makalio yamekufa ganzi. Furaha tele.

Wavuvi wanataka kunijazia ngege kwa karai, bila kuchagua. Nimekataa. Nawachagua mmoja mmoja, kila ngege lazima anitazame usoni. Imepita saa moja na nusu na nimefika wa themanini na tatu. Okemwa amekuja mara nne kutazama jua. Mwache atazame. Huyo mke wake atangoja.

Jumamosi, 9 Juni. Nyakoe.

Maili sita! Tulibakiza maili sita tu tufike Kisii!

Jana jua lilipogusa mlima, Okemwa alikunja usukani akaingiza lori uani kwa mzee wa kanisa, Mzee Machogu. Akazima. Akavua kofia. Akanitakia Sabato njema. Nilidhani ni pancha. Akaeleza kwa upole kwamba Sabato huanza Ijumaa jua linapozama na kuisha kesho yake jua linapozama, na kwamba aliniambia tangu Jumatano. Mimi nilijua Sabato ni Jumamosi. Ijumaa jioni ni Ijumaa!

Nilimsihi. Nikamkumbusha Maandiko: ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, si hutolewa? Akafikiri kidogo, akasema samaki hawa hawakutumbukia majini, wametolewa humo.

Leo asubuhi maji yalikuwa yanatiririka chini ya lori na kuku wa Mzee Machogu wanayanywa. Mlima mzima ulipita njiani kwenda ibadani, nguo safi, viatu mkononi. Nikaomba wapagazi. Hakuna anayebeba mzigo leo. Nikasimamisha basi la Kisii. Kondakta akainua kifuniko cha sanduku, akakirudisha haraka, akagonga bodi liondoke. Nikachukua panga nikate majani ya migomba, niwafunike angalau. Mama Kemuma, mke wa Mzee Machogu, akaniambia, "Mwanangu, hata panga hapa linapumzika leo." Akanipa chakula kilichopikwa jana. Kizuri, lakini cha baridi. Kila kitu ni cha baridi leo isipokuwa samaki wangu.

Basi nikaingia kanisani, ningefanya nini? Na kwenye kwaya, safu ya nyuma, sauti nzito, nani? Mogire! Nyakoe ni kwao. Aliimba beti zote nne akiniangalia.

Jumapili, 10 Juni. Kisii.

Jana jua lilipozama tu, Mogire alikuja kwenye lori. Nilingoja anicheke. Akamnusa ngege mmoja, mwingine, na wa tatu, na hakucheka. Hilo liliniuma zaidi. Akasema wakipasuliwa sasa hivi na kuwekwa motoni, wengi watapona. Akawaita akina mama. Walipasua na kukausha, na mimi, Bwana Barafu, nikabeba kuni.

Karamuni sahani ilipofunuliwa, Bwana Obura aliwatazama wale samaki weusi, wakavu. Miaka kumi na tisa! Akaguna, akala, akashukuru. Wageni walimsifu Mogire, wakaramba vidole. Tajiri hata hakungoja tunawe mikono. Akaninyooshea kiganja, nikamwekea ufunguo.

Syprose alishusha mapazia mwenyewe, akayakunja mara nne nne. Nimeona aibu. Kweli nimeona aibu, afadhali angenitukana.

Alhamisi, 14 Juni.

Tumehamia chumba kimoja huku bondeni. Hakina dirisha, kwa hiyo mapazia yako chini ya godoro. Mimi sasa ni mpima mizani.

Lakini mwanamume hujifunza kwa makosa. Nimekaa siku nne nikilitafakari kosa langu, na nimelipata: Wasabato! Basi.

Na bahati hii hapa. Hoteli inataka siagi kutoka Kisumu, ifike ngumu kama jiwe. Mogire ana homa, kwa hiyo nimemwomba Tajiri nafasi moja tu. Akakubali, kwa shingo upande. Ikifika salama, tutazungumza juu ya ufunguo. Syprose nimemwambia asiyakate mapazia kuwa shuka.

Dereva wa safari hii ni Mnubi wa hapa mjini. Mwislamu safi, hanywi, haibi, na mambo ya Sabato hayamhusu hata kidogo! Nimempangia saa mwenyewe: tunatoka Kisumu kesho, Ijumaa, saa sita na nusu mchana kamili, bila kusimama popote. Akatabasamu, akaniuliza kama nina hakika na saa hiyo.

Nikamwambia mambo ya saa aniachie mimi.