Maoni ya Mtu wa Mlangoni

Jumatatu, 4 Machi

Filamu ya rubani na muuguzi imeingia wiki ya pili. Ovyo! Wanalia tangu dakika ya kwanza ninayoiona mimi, wanaombana msamaha, na hakuna anayesema kosa lilikuwa nini. Watazamaji nao wanalia. Watu wana machozi ya bure.

Naandika haya ili yabaki. Mwaka wa tisa huu nakata tiketi za watazamaji mlangoni mwa ukumbi wa sinema. Nimeona filamu nyingi kuliko mtu yeyote mjini hapa. Mimi huingia mchelewaji wa mwisho akishakaa, dakika kumi na tano hivi baada ya taa kuzimwa, nikasimama nyuma karibu na pazia. Zile dakika za mwanzo sijawahi kuziona wala sijazililia. Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Nani anakula kokochi?

Lakini anayeitwa Profesa ni mdogo wangu! Eti kwa sababu ya miwani. Kila Jumamosi asubuhi yuko redioni, anatoa maoni juu ya filamu mpya, na mji mzima unamsikiliza. Mimi ndiye niliyempeleka sinema mara ya kwanza, nimemshika mkono. Leo amekuja mlangoni kunieleza kwamba amepata kazi mji mwingine, anaondoka wiki ijayo, na kipindi kinatafuta mtu. Amelitaja jina langu. Jumamosi nitakaa naye hewani nijaribiwe.

Sijawahi kutaka kitu maishani kama ninavyokitaka kipindi hicho. Nimemwambia nitafikiria.

Jumanne, 5 Machi

Nimefikiria. Kwa nini anisaidie? Kikulacho ki nguoni mwako. Anataka nikae kando yake nionekane mjinga, wasikilizaji waseme afadhali Profesa. Mke wangu anasema labda shemeji yake ananipenda tu. Mke wangu ana moyo mwepesi. Hata ya rubani aliilia.

Nimepata mbinu. Mdogo wangu kazi yake kusifu: picha zimepigwa vizuri, kimya kina maana, na upuuzi kama huo. Mimi nitaponda. Watu wanampenda anayeponda! Nimefanya mazoezi bafuni, nikiongea ndani ya ndoo ili sauti iwe nzito. Mwenye nyumba amegonga kuuliza kama kuna mgonjwa.

Alhamisi, 7 Machi

Filamu tutakayoizungumzia inaanza kesho. Inahusu mwashi na ukuta. Profesa ameniletea tiketi ya onyesho la kwanza, kiti cha katikati. Amekwisha kuongea na meneja, mtu mwingine atashika mlango kwa saa zile. Akanisisitizia nikae kabla taa hazijazimwa. Tangu mwanzo, kaka, akasema, mara mbili.

Kuninunulia tiketi mimi! Hivi mpishi huletewa chakula jikoni kwake? Nimeipokea, nikaikata katikati, nikamrudishia kipande chake na kumwelekeza safu ya nane. Mkono umezoea, lakini pia nilikusudia. Hakucheka. Alikitia kile kipande mfukoni akaondoka.

Mke wangu amesema nimekosa adabu, nimwombe radhi. Nimemjibu kwamba mtu hafundishwi kazi yake.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeiona, nikiwa nimesimama mahali pangu pa siku zote. Nilichelewa kuliko kawaida, familia ya watu saba iligombea viti vitano. Nilipoingia, ukuta umeshafika magotini. Mwashi anajenga mbele ya dirisha la jirani yake, tofali juu ya tofali, saa moja na nusu, hasemi neno. Jirani anamtazama tu, hata kumshtaki hamshtaki. Mwishoni dirisha limezibwa lote, jirani analeta maji, wanakunywa. Basi! Ndiyo filamu hiyo!

Ukumbi mzima umetoka ukipenga kamasi. Mzee mmoja alinishika mkono pale mlangoni, akajifuta uso kwa kofia yake. Nimejaza kurasa nne za matusi mazuri. Sijawahi kuwa tayari namna hii.

Jumamosi, 9 Machi

Studio ni chumba kidogo, kuta zimebandikwa zulia. Profesa alianza kwa upole wake, nikamkatiza. Nikasema mwashi ni punguani, jirani ni punguani, na aliyeandika kisa ni baba yao. Nikauliza dirisha la watu lilimkosea nini. Nikacheka kwa nguvu. Nyuma ya kioo, mtayarishaji wa kipindi aliacha kutafuna.

Profesa akaniuliza polepole, na ule mwanzo je, kaka? Mtego! Niliuona. Nikajibu kwamba mwanzo ni wa watu wasiojua sinema. Akaniwekea mkono begani. Nikautoa.

Ndipo mama mmoja akapiga simu. Akasema mwanawe naye alianguka dirishani akafa, kama mtoto wa yule mwashi, na jana ameiona filamu mara mbili kwa ajili ya jirani anayekubali kukaa gizani. Akauliza nimeona nini cha kuchekesha. Mtoto gani? Nikasema katika filamu niliyoiona mimi hakukuwa na mtoto.

Profesa akamwomba mama radhi. Akaeleza kwamba kaka yake anafanya kazi mlangoni, filamu anaziona nusunusu, na kosa ni lake yeye aliyemwita. Mji mzima unasikia, anataja mlango! Sijawahi kuaibishwa hivyo na mtu wa tumbo moja.

Jumapili, 10 Machi

Sikutoka nje. Mke wangu, aliyeiona jana jioni, amenihadithia ule mwanzo: mtoto wa mwashi anacheza kwa jirani, anapanda dirishani, anaanguka. Nimesikiliza. Nilimfikiria yule mama wa simu, sitaficha. Kisha nikaona kosa ni la waliotengeneza filamu. Jambo zito kama lile unaliwekaje mahali ambapo watu bado wanatafuta viti?

Profesa anasafiri kesho. Nimeambiwa niende kumuaga. Akinitaka anajua mlango ulipo, si ameutangaza?

Jumatano, 13 Machi

Karani wa tiketi amenipa bahasha. Profesa aliiacha kwake juzi kabla ya kupanda basi. Karatasi mbili. Ya kwanza katika barua huwa ni salamu na habari za afya, nikaenda moja kwa moja kwenye ya pili. Nainakili:

“…na baada ya kuwasihi sana wamekubali. Kwa hiyo Alhamisi hii saa nne asubuhi usikose. Watakusubiri wewe tu, hakuna simu za wasikilizaji. Fanya kama nilivyokueleza hapo juu. Usipofika watampa mwingine, na mimi sitaweza kuwaomba tena. Kaka, wewe ndiye uliyenionyesha sinema. Mdogo wako.”

Nimeisoma mara tatu. Nani wananisubiri? Wapi? Nifanye nini? Hasemi! Mtu wa redio miaka yote hiyo, hajui kuandika barua ikaeleweka. Alhamisi ni kesho, na kesho asubuhi kuna onyesho la wanafunzi, siwezi kuacha mlango kwa ajili ya mafumbo. Mke wangu yuko kwa dada yake hadi Ijumaa, ningemsomea acheke.

Karatasi ya kwanza nimeikunja mara nne, nikaiweka chini ya mguu wa meza hii ninayoandikia. Ilikuwa inayumba. Sasa imetulia.