Umri wa Jiko la Ukoo Wetu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Kijijini, jirani na Kalenga. Baridi kali. Mkutano ulishaamua: shule mpya ya sekondari itapewa jina la ukoo uliotangulia kukaa kilimani. Wazee wamebishana tangu Januari. Sasa itaamua sayansi. Dk. Faustina, mwanaakiolojia, anachimba jiko la kale la kila ukoo, anachukua mkaa, maabara inapima umri.

Jirani yangu Aroni alichimbiwa Machi. Majibu yamesomwa leo: miaka 310, ikizidi au kupungua 30. Aroni aliinuka akapunga mkono kama askofu. Kisha akaniuliza kama miaka hiyo ukoo wetu ulikuwa umeshazaliwa. Waliocheka: kumi na tisa.

Letu litachimbwa Ijumaa. Liko chini ya shamba la mahindi, mafiga matatu. Babu alinionyesha.

Jumanne, 10 Juni
Nimesoma. Mti ukifa, kuna kitu ndani yake huanza kupungua, polepole mno. Kadiri kilichobaki kilivyo kidogo, ndivyo umri ulivyo mkubwa. Makaa ya mawe hayana hata chembe yake. Yalikuwapo kabla ya binadamu!

Nimeandika habari za magazeti miaka 31. Najua wakati ushahidi unapohitaji msaada.

Saa saba, Ipogolo, maegesho ya malori. Kasian, dereva anayeleta makaa ya mawe kutoka upande wa Mbeya, kanipa nusu debe. Kauliza ya nini. Nikasema ya elimu.

Jumatano, 11 Juni
Nimefukua jiko saa kumi na mbili asubuhi. Mkaa wetu halisi: vikombe viwili, nimeuweka kwenye mfuko nyuma ya mlango. Makaa ya mawe nimeyatia mahali pake. Nimefukia, nimekanyaga. Aliyeniona: mbuzi mmoja.

Alhamisi, 12 Juni
Mke wangu Rozalia kanipigia pasi shati la kesho. Mikunjo imenyooka. Nikauliza mkaa wa pasi kautoa wapi. Nyuma ya mlango, baba Pendo, kasema. Tena una moshi huo, siku nyingine usinunue huko.

Nimeukung'uta mfuko: vumbi tu.

Ijumaa, 13 Juni
Dk. Faustina alichimba kwa mwiko na brashi saa mbili nzima. Akanyanyua kipande, akakigeuza juani. Kinang'aa. Akaniuliza wahenga wangu walikuwa wakiagiza wapi makaa ya mawe. Nikasema walisafiri sana.

Kwa lori, Mzee Obeid? Aroni huyo. Waliocheka: arobaini na mmoja.

Daktari hakucheka. Jiko limevurugwa, alisema, halipimiki tena. Ila udongo wa chini umeungua kwenda ndani zaidi kuliko wa kwa Aroni. Huenda letu ndilo lililotangulia. Nilimsikia vizuri. Sikuomba arudie.

Jumamosi, 14 Juni
Daktari kaja nyumbani. Kanywa chai, kauliza kama lipo jiko jingine la ukoo. Lipo, la ndugu yake babu wa babu, nyuma ya zizi. Basi atachimba Jumatatu saa tatu, na baada ya hapo anafunga kazi. Nafasi ya mwisho.

Kaniomba jambo moja: nisiliguse. Nikamwuliza sababu. Kaeleza kwamba mizizi mipya na samadi vikiingia kwenye mkaa, umri hushuka. Maabara husafisha kwanza, kwa dawa zao. Nimeyaandika yote.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Udanganyifu basi, nimeapa. Hakuna kitu cha kigeni nitakachotia tena kwenye jiko lolote.

Lakini samadi! Zizi lile lina miaka hamsini. Na maabara ina kazi za watu wengi. Nimetoa mkaa wote, beseni moja limejaa. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ya viatu. Nimesugua saa moja na nusu, nimesuuza mara nne. Maji yametoka meusi tii. Uchafu wa karne nzima!

Kilichobaki nimekianika juani kwenye sahani. Kinajaa kijiko cha chai. Si kingi. Lakini cha Aroni hakikuoshwa.