Picha za Mama Mkwe na Tundu Moja Zima

Jumapili, 8 Juni

Leo nimeokoa heshima ya familia. Ni familia ya mke wangu, lakini heshima ni heshima.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa mama mkwe. Jumamosi anatimiza miaka sabini, na wanawe wanataka bango kubwa la picha ya harusi yake litundikwe ukutani. Mwanyumba wangu, yaani yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu, akajikohoza. Huwa anajikohoza kabla ya kusema jambo ambalo kila mtu analijua. Akasema atazipeleka picha zote za zamani studio, wataalamu waziingize kwenye kompyuta.

Wataalamu! Na mimi nimekaa palepale, mguu juu ya mguu!

Nikasimama. Nikasema picha za marehemu hazitembezwi mitaani kama mchele wa kuonjesha. Nikasema ninayo skana nyumbani. Mwanyumba akauliza kama inafanya kazi. Nikamtazama tu, kama unavyomtazama mtu aliyeuliza kama jua lina joto.

Mama mkwe akaniletea picha zimetiwa kwenye foronya. Ile ya harusi akaitoa kwanza, akaifuta kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. Yeye na marehemu baba mkwe, wamesimama wima kama askari, wanaogopa kamera. Akasema, "Baba, hii ni moja tu. Hakuna nyingine duniani."

Nikamwambia, mama, wewe lala usingizi.

Njiani mke wangu akauliza ni skana ipi hiyo. Nikamkumbusha: ile niliyoipata kwenye mnada wa ile ofisi iliyofungwa. Akauliza, ile iliyo chini ya pasi mbovu? Sikuipenda sauti yake.

Jumatatu, 9 Juni

Skana imetoka. Nimeifuta. Inang'aa!

Haina waya wa umeme. Nimepekua kabati zima, nimemlaani muuzaji, kisha nikagundua kwamba haihitaji. Inakula umeme kutoka kwenye kompyuta, kupitia ule ule waya mmoja wa USB unaopeleka picha. Kama mtoto na kitovu cha mamake. Nani mwingine katika ukoo huu angeligundua hilo peke yake?

Kuna kikwazo kidogo. Kompyuta yangu ina matundu mawili ya USB. La kushoto ni bovu. Ulimi wake wa ndani ulivunjika siku nilipochomeka flashi kichwa chini kwa kujiamini. La kulia ni zima, lakini hilo ni la kipanya. Na bila kipanya siendi popote, maana kile kibao cha kusugua kwa kidole kilikata roho tangu kilipokunywa chai.

Tundu moja, wateja wawili.

Mpango wa kwanza: nibofye kwa kipanya, nikichomoe kufumba na kufumbua, nichomeke skana kabla kompyuta haijashtuka. Nimefanya mazoezi ya mkono asubuhi nzima. Kasi yangu inatisha. Kompyuta inashtuka.

Mpango wa pili: kulifufua tundu la kushoto. Nimeazima kibano cha nyusi cha mke wangu. Nimeuinua ule ulimi kwa ustadi wa daktari wa meno. Cheche. Ndogo tu! Kompyuta ikazimika puu, ikagoma kuwaka mpaka ilipopumzika. Nimeliziba lile tundu kwa plasta ya kidonda. Kibano nimekirudisha kimyakimya. Ncha yake imekuwa nyeusi kidogo. Inapendeza.

Jumanne, 10 Juni

Kwa fundi wa simu na kompyuta. Ana kibanda chembamba kiasi kwamba mteja wa pili husubiri nje. Fundi ameitoa ile plasta, amechungulia, amenyanyua nyusi. Anasema kompyuta ilale kwake siku kadhaa, abadilishe tundu. Ilale! Kompyuta yangu haijawahi kulala nje.

Basi, akasema, chukua kigawio: kidude unachokichomeka kwenye tundu moja nacho kinakupa manne. Akaanza kueleza kwamba viko vya aina mbili, kimoja kina waya wake wa kuchomeka ukutani na kingine hakina, na kwamba skana inayokula umeme wa kompyuta inataka...

Hapo ndipo nilipomwona Mwanyumba mlangoni, ameshika simu yenye kioo kilichopasuka.

Ningefanya nini? Niendelee kufundishwa mbele yake kama mwanafunzi wa chekechea? Nikakatisha maelezo. Nikamwambia fundi kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwamba umeme naujua vizuri, nikachukua kile kisicho na waya, ambacho pia ni kidogo na kinaingia mfukoni. Mwanyumba akauliza kuna tatizo? Nikasema hapana, nimepita kumshauri fundi.

Fundi aligeukia ukutani akakohoa muda mrefu. Vumbi limezidi mle ndani.

Jumatano, 11 Juni

Imewaka! Kipanya huku, skana huku, wote kwenye kigawio, kama ndugu. Nimemwita mke wangu aje ashuhudie. Amekuja na mwiko mkononi.

Taa ya skana ikaanza safari. Ikatembea vizuri, kwa mwendo wa bibi harusi, ikafika katikati ya picha. Ikafifia. Ikasimama. Ikakoroma. Mke wangu akasema mnyama wako kashiba njaa. Akarudi jikoni.

Nimejaribu tena na tena. Kila mara inafika katikati na kuishiwa nguvu. Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nilikaa nikafikiri, na jibu likaja lenyewe: ikiwa inaweza nusu, niipe nusu! Naskani nusu ya juu, naigeuza picha kichwa chini, naskani nusu ya chini. Kisha naziunga kwenye kompyuta. Hata nguo huungwa vipande, na tunavaa.

Nilikuwa na furaha hata nikakisugua kioo kwa kitambaa cha maji ili picha ya harusi ipate usafi unaostahili. Nikailaza. Nusu ya juu, safi kabisa. Nikataka kuigeuza.

Haikugeuka. Imeganda kwenye kioo.

Nikavuta kona kidogo. Nikasikia mlio mdogo wa kitu kinachobanduka, nikaacha. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nilimwona mama mkwe akiifuta kwa kiganja. Nilikaa chini sakafuni.

Mke wangu alitoka jikoni. Alifungua dirisha, akaiacha ikauke kwa upepo, kisha akachukua uzi wa kushonea, akaunyoosha kwa mikono miwili, akaupitisha taratibu chini ya picha kama anayekata siagi. Ikatoka nzima. Hata kona. Muda wote huo nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikisimamia kazi.

Alhamisi, 12 Juni

Zoezi la kuskani linakwenda kwa kasi. Harusi, ubatizo, mama mkwe na mwenzake wa timu ya netiboli enzi za usichana, mjomba na baiskeli. Zote nusu nusu. Majina ya faili nimeyafanya mepesi: nusu, nusu mpya, nusu nyingine, nusu hasa.

Nimemkuta mke wangu dirishani, amezipanga picha juu ya kitambaa cheupe, anazipiga moja moja kwa simu. Akasema si vibaya kuwa na akiba. Nimemwonea huruma. Simu ni ya kupigia watu.

Mwanyumba amepiga. Alitaka kujua kama nimekwama, maana yule wa studio bado ana nafasi. Nikamwambia nimemaliza zamani, sasa nasubiri dunia inifikie. Kusema kweli nilikuwa sijaunga hata moja. Nimekata simu nikaunga upesi upesi. Nusu ya juu ya harusi, nusu ya chini ya harusi, mshono hauonekani kabisa. Kompyuta ilikuwa imeanza kupata moto, kwa hiyo sikukaa kuikagua. Nimeituma kwa mchapaji wa mabango papo hapo.

Nimelala usingizi wa mchana kama jenerali.

Ijumaa, 13 Juni

Mchapaji amepiga simu. Mtu wa wasiwasi sana. Anauliza kama nina uhakika na ile picha. Nikasema nina uhakika. Akauliza, hata sehemu ya chini? Nikamwambia, ndugu yangu, hiyo ni picha ya enzi, mavazi ya zamani hayakuwa kama ya leo. Usiguse chochote. Chapa kama ilivyo.

Akasema sawa, mzee. Kwa heshima. Watu wakiona kazi nzuri hunyenyekea.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika yote, kwa utulivu.

Nyumba ya mama mkwe ilijaa. Wajukuu, majirani, wazee wa upande wa marehemu kwenye viti vya mbele. Bango lilifunikwa kwa shuka. Mwanyumba alikuwa amejipa kazi ya kulifunua, bila kuombwa. Nikatoa maneno machache kuhusu teknolojia. Mke wangu alinivuta koti nikakaa.

Shuka likaanguka.

Juu kabisa, safi, angavu: baba mkwe na suti yake, mama mkwe na shela lake. Nyuso zao kubwa kama milango. Nilitaka kupiga makofi. Kisha macho yangu yakashuka.

Kuanzia kiunoni kwenda chini, maharusi walikuwa wamevaa kaptura za netiboli. Miguu minne ya wasichana, minene, yenye afya. Raba za kitambaa. Mbele ya baba mkwe, chini ya mguu wake wa kulia, mpira.

Nilisikia soda zikitoa mapovu. Mzee mmoja wa upande wa marehemu akavua kofia, sijui kwa nini. Mwanyumba alinigeukia na uso wa mtu aliyeletewa zawadi ambayo hakuitarajia. Mke wangu alifumba macho. Nikatafuta mlango wa nyuma kwa jicho la pembeni. Umezibwa na kreti.

Mama mkwe akaomba miwani. Akaivaa. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa bango. Akaweka kidole.

"Haya magoti ni yangu."

Akaligonga goti moja kwa kidole.

"Nilikuwa kapteni," akasema. "Na hii, hii iliyo chini ya marehemu, ni miguu ya mfungaji wetu. Mnamjua huyu? Huyu alimtaka baba yenu! Alimtaka kufa! Kila mechi anafunga anamtazama yeye." Akageuka, akatutazama wote. "Basi leo kampata. Nusu!"

Akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, akacheka mpaka miwani ikateleza, wanawe wakamshika huku na huku wakidhani anaanguka. Wazee wa mbele nao wakapasuka. Akaketi, akawahadithia watoto wake mambo ambayo hawajapata kuyasikia: kwamba baba yao alikuwa mwokota mipira uwanjani ili tu awe karibu, kwamba alikuwa na vimiguu vyembamba kama vijiti na hakuvaa kaptura maisha yake yote, kwamba alimwomba uchumba akiwa amekumbatia mpira mkononi na kusahau kuurudisha. Mke wangu alikuwa ameketi sakafuni karibu na miguu ya mamake, analia na kucheka. Akaninong'oneza baadaye kwamba tangu mazishi hajamsikia mama akicheka hivi.

Mimi nilipokea pongezi. Mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza nilipata wapi wazo kama lile. Nikamwambia huwa yananijia tu.

Jumapili, 15 Juni

Ushindi wa mwisho. Kumbe mke wangu alikuwa amempelekea mchapaji ile picha ya harusi aliyoipiga kwa simu, na leo ameleta bango la pili. Zima, suruali ya marehemu mpaka chini, viatu vyake, kila kitu. Mama mkwe amelitazama sana. Amelipapasa kwa kiganja. Kisha amelipeleka chumbani kwake, akafunga mlango, akakaa huko kitambo.

Langu limebaki sebuleni. Sipendi kulinganisha. Lakini sebuleni ndiko wanakopita wageni.

Mwanyumba amenipa mkono. Mkono wa baridi. Amesema nina bahati. Nimemwambia bahati humfuata aliyejiandaa.

Wakati wengine wanaosha vyombo, nimeona friji ya mama mkwe inanguruma kupita kiasi. Mke wangu ameniomba niiache. Ameniomba mara ya pili, kwa kunitaja jina langu kamili. Lakini mtu mwenye kipaji hawezi kukaa kimya mbele ya shida ya mkwewe. Nimeigeuza, nimefungua mgongo wake kwa kisu cha mezani, nimekuta waya mmoja ambao ni wazi kabisa hauna kazi, nimeutoa.

Ngurumo imekwisha! Kimya kitupu. Mama mkwe amekuja kusikiliza, hakuamini masikio yake. Anauliza mbona siagi inatoa jasho. Nimemweleza kwamba ndiyo hewa inaanza kuzunguka.

Mwanyumba anadai kwamba friji isiyonguruma kabisa ni friji iliyokufa. Wivu ni kitu kibaya.